Tulizika Mgomba

Wenzangu wa kwaya,

Jumapili ile mlipokuja kwangu mkakuta sufuria ya ndizi, mlikula mpaka mkaramba sahani. Mkauliza zimetoka shamba la nani, nikasema ni za nyumbani kwa mama. Mkauliza mbona nilipotea hivyo na vitambaa vya watu vimelala kwenye cherehani, nikasema nilikuwa Nairobi, ni hadithi ndefu. Tangu hapo hamjanipa amani. Haya, nimekaa nikaandika. Mambo ya tiketi na nauli sitawachosha nayo. Nitawapeleka kituo kwa kituo, na kuhusu zile ndizi, ngojeni mwisho.

Nyumbani, upande wa Chwele

Binti yangu Sela alijifungulia kwa mama yangu, na mtoto akawa wa kulia. Alilia akiwa ameshiba, alilia akiwa mkavu, alilia hadi sauti ikawa kama ya mbuzi. Daktari alimpima akasema hana kitu. Kwetu mtoto akilia hivyo tunajua anadai jina. Kuna marehemu wa ukoo anayetaka kurudi nyumbani kupitia kwake. Basi mtu mzima anampakata, anataja majina ya waliokufa mmoja mmoja, na jina atakalolinyamazia ndilo lake. Mkiona huo ni ushirikina, semeni. Mimi nimeimba kwaya miaka yote hii na bado nilikaa pale nikasikiliza.

Kwanza nilizunguka kwa mashangazi na wajomba kukusanya majina, maana mama ameanza kusahau. Ilikuwa kazi ya kuchekesha na ya kusikitisha pamoja. Kila nyumba niliyoingia walinitajia wazee wao mpaka wa zamani kabisa, halafu wakafika kwa mtu mmoja wakamruka. Ukiuliza, mtu anakumbuka kwamba ameacha maziwa jikoni. Nilianza kuamini kwamba hakuna ukoo usio na mtu wa kurukwa, na kwamba mimi ni mmoja wa warukaji, kwa sababu nilikuwa na wangu.

Adhuhuri moja mama alimpakata mtoto chini ya upenu wa jiko akaanza kutaja. Alitaja mama yake, bibi yake, shangazi zake, mpaka wale niliowaokota kwa jamaa. Mtoto alilia tu. Mama alichoka, akafumba macho, na kwa sauti ya mtu anayejisemea akasema, "Nasambu."

Mtoto akanyamaza hapo hapo. Alifungua macho akamtazama mama kama mtu mzima aliyeitwa. Hata kuku niliona kama wamenyamaza, au labda ni mimi niliyeacha kuwasikia. Mama alimrudishia Sela mtoto, akatoka nje bila viatu.

Nasambu ni dada yangu mkubwa. Alipata mimba kabla ya ndoa, baba akamfukuza, akaenda Nairobi kwa mjomba. Baadaye habari ikaja kwamba amefia Mathare na jiji limekwisha kumzika. Kwa kuwa hatukuwa na mwili, tulifanya kama wanavyofanya watu wetu: tulikata shina la mgomba, tukalivisha gauni lake la Krismasi, tukalizika nyuma ya nyumba na kulilia. Ila wachimbaji walikuwa wavivu, waliuzika mgomba pamoja na mzizi wake. Mvua iliyofuata ukachipua. Leo hapo pana kichaka kizima cha migomba, inazaa mikungu mizito, na hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kula hata ndizi moja. Zinaiva, ndege wanakula, nyingine zinaozea pale.

Kuna jambo la pili ambalo kijiji kizima kinalijua. Mwaka mmoja baada ya mazishi, mimi nikiwa shule ya bweni, baba alimwona Nasambu langoni. Alisema alikuwa amekonda, ana vumbi miguuni, na ana nundu mgongoni ambayo hakuwa nayo alipokuwa hai. Baba alichota majivu jikoni akammwagia, akamwamuru arudi alikozikwa. Kizuka kikarudi. Baba alilitolea ushuhuda kanisani mpaka alipokufa, na mimi nililisimulia mara nyingi, hata ninyi niliwahi kuwatisha nalo safari ya Kapenguria.

Sasa tatizo ndilo hili. Mtoto hapewi jina la mtu kwa njia hiyo ikiwa mwenyewe hajafa. Ni kama kumsukuma kaburini. Na sisi kwa kweli hatukuwahi kuona maiti. Jioni mama aliniita chumbani. Alisema hawezi kufa akiwa na kaburi lenye mgomba na mtoto asiye na jina. Nikamlete Nasambu kama yuko hai, na kama amekufa nikaone kaburi lenye mtu ndani. Halafu akanipa chupa ya maji aliyoyachota kisimani kwa mikono yake.

"Ukimpata mpe haya kwanza," alisema. "Kabla hujasema neno lolote."

Nilimuuliza kwa nini. Akageukia ukutani.

Makongeni

Mjomba wetu alifanya kazi reli na alikaa Makongeni. Alishafariki, lakini jirani yake, Mzee Makokha, bado anaishi kwenye zile nyumba za zamani, na ni mtu wa kwetu. Nilipobisha alifungua, akanitazama, akafunga mlango. Nilimsikia ndani akiomba. Alipofungua tena alinishika mkono akabonyeza kiganja kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Nikamwambia mimi ni Nelima, mdogo wake Nasambu. Akashusha pumzi, akaniambia niingie lakini nisimalizie sentensi kabla ya kula.

Mkimjua Mluhya mzee mtajua hapo hakuna mjadala. Tulikula ugali na mrenda, tukasali, tukapeana habari za mvua na mahindi, akanionyesha picha za wajukuu, akalala kidogo kwenye kiti. Alipoamka alianza mwenyewe, bila kuulizwa. Baba alimtumia mjomba ujumbe mkali kwamba akiendelea kumfuga huyo msichana asahau kwamba ana shemeji. Mjomba alimtoa. Nasambu akashuka Mathare, akapanga chumba, akawa anafulia watu nguo huku tumbo linakua.

"Ni mimi niliyepeleka habari ya kifo nyumbani," alisema. "Mwanamke mmoja wa samaki alikuja hapa akilia. Sikwenda kuangalia. Niliona aibu, kwa sababu siku alipotolewa na mabegi yake mimi nilikuwa nimesimama hapo mlangoni."

Aliitazama ile chupa yangu ya maji mezani, akasema kwake kuna maji safi, nisijichoshe kubeba. Nikaivuta karibu yangu. Nilihisi nimekuwa kama wale wanaotembea na mafuta ya upako.

Mathare

Nililala kwa Mzee Makokha, na asubuhi nikashuka bondeni kwa miguu. Njia ni nyembamba, unapishana na mitungi na watu wanaowahi vibarua. Nilikuwa nimevaa kitenge cha heshima, kosa la kwanza, maana kila mtu alidhani natoka kanisani kuandikisha watoto wa msaada. Akina mama watatu walinifuata wakitaka niwaandike. Nilipowaambia natafuta mwanamke wa samaki aliyekaa hapo zamani, wakasema huyo ni Mama Akinyi, na kwamba angekuja baada ya kununua samaki sokoni. Nilikaa kwenye kigoda chake tupu hadi jua likanigeukia.

Alikuja na beseni kichwani, mwanamke mnene mwenye aproni iliyokuwa imeshonwa vizuri, na mimi kwa mazoea nikawa natazama pindo badala ya uso. Ndiyo maana sikuona alipobadilika. Nilisikia beseni likianguka. Alikuwa amesimama na mikono mbele kama mtu anayekinga mlango.

"Wewe nilikuosha," alisema. "Nilikuosha kwa mikono hii."

Nilisema jina langu. Nilisema mara ya pili na ya tatu. Aliokota samaki, akawasha moto, akakaanga mmoja, akaweka na ugali mbele yangu akasema nile. Alinitazama shingo kila nilipomeza. Nilipomaliza mpaka mifupa ya kichwa ndipo alipokaa, akasema mfu hali samaki hivyo.

Alinisimulia kwamba Nasambu alishikwa na homa kali, tumbo likiwa kubwa, na asubuhi moja wakamkuta amekuwa baridi, hapumui. Alimwosha yeye na jirani mwingine, wakamfunika leso, wakatoka kutafuta gari la kumbeba. Waliporudi kitanda kilikuwa kitupu. Jirani akasema labda watu wa jiji wamepita wakamchukua, na hilo ndilo neno walilolipeleka Makongeni.

"Lakini hawakumchukua," nilisema, kwa sababu niliona bado ana kitu.

Aligeuza samaki kwenye mafuta muda mrefu. Kisha akasema maji waliyomwoshea yalikuwa bado sakafuni, na kwenye saruji kulikuwa na nyayo. Nyayo za maji, za miguu mitupu, zikitoka kitandani kwenda mlangoni. Alizipangusa kwa tambara kabla jirani hajaziona. Hakuwahi kumwambia mtu, hata mume wake.

Siwafichi. Mchana ule ule, jua kali, watoto wanacheza, nami naogopa kugeuka nyuma. Nilimuuliza kama anaamini Nasambu alifufuka au alikuwa hajafa. Alisema yeye ni muuza samaki, hayo niulize padri. Ila miaka kadhaa baadaye mteja mmoja alimwambia amemwona yule msichana wake wa zamani Umoja, anatembeza mboga. Mama Akinyi alimwambia mteja achunge mdomo, na tangu siku hiyo hajakanyaga Umoja.

Umoja

Sasa hapa ndipo niliona maajabu, na ndipo ninapotaka msome polepole.

Nilishuka Umoja asubuhi, sijui mtu, sijui nianzie wapi. Nilikuwa nimepanga kusimama sokoni na kuuliza wauza mboga mmoja mmoja. Sikuuliza hata mmoja. Nilipopita ploti ya kwanza, mwanamke aliyekuwa anaanika nguo akaniambia, "Mama Rispa, habari ya siku nyingi." Niliitikia nzuri kwa adabu nikaendelea, nikidhani amekosea mtu. Hatua chache mbele mzee wa gazeti akanyanyua kofia akasema Mama Rispa. Msichana wa mboga akaanza kukata sukuma bila kuulizwa, akanifungia, akasema nyembamba kama ninavyopenda. Mimi sukuma nyembamba ndiyo ninayopenda. Sikujua nicheke au nikimbie.

Kwenye duka la kona kijana mmoja alitoa kichwa dirishani.

"Niaje Mathe Rispa? Unatupita tu hivyo, kwani tumekukosea?"

"Mimi siye," nilimwambia.

"Acha jokes, mathe. Umehama juzi tu na ushasahau maboyz wako."

Nilijaribu kumweleza kwamba natoka mbali, sijawahi kufika pale maisha yangu yote. Alinitazama kwa huruma, akaniletea kiti na soda, akamnong'oneza mwenzake kwamba mathe amechoka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa asubuhi nzima. Nikikataa wananihurumia, nikinyamaza wananisalimu. Nilitembea mitaa ya watu nikiwa nimevaa maisha ya mwingine, na yalinikaa kama nimepimwa. Kwangu mimi fundi nguo hilo ndilo lililonitisha zaidi. Na bado sikujua ninayemfuata ni mtu wa namna gani, maana zile nyayo za maji hazikunitoka akilini.

Fundi wa viatu chini ya ukuta aliniita kwa hasira. Alisema viatu vyangu vimemkalia, mimi niliahidi kuvichukua kabla ya kuhama, kwani nadhani yeye ana ghala. Alinitupia viatu vyeusi vya kufunga, soli mpya. Nilivaa kimoja. Kidole changu kidogo cha mguu kimepinda tangu kuzaliwa, na viatu vyote vya dukani huniumiza hapo. Hicho hakikuniuma. Mahali pale ngozi ilikuwa imekwisha kuvimba, imetengenezwa na kidole kama changu.

Hapo machozi yalinitoka mbele ya watu. Mfu hapeleki viatu kwa fundi. Dada yangu alikuwa hai, na alikuwa na kidole cha mama, kama mimi.

Nikamwambia fundi, "Naomba unielekeze ninakoishi."

Wale vijana wa duka walikuwa wamenifuata na soda yangu. Walitazamana. Mmoja akanishika kiwiko taratibu, kama ninavyomshika mama, akasema nimehamia Njiru, nyumba ya mabati ya buluu baada ya machimbo ya mawe, na kama nataka watampigia Rispa aje anichukue. Nilikataa. Niliogopa kwamba nikitangulizwa na simu, mlango nitaukuta umefungwa.

Njiru

Mvua ilikuwa imenyesha huko, na ule udongo mweusi wa Njiru hauna mchezo. Barabara ya Kangundo niliiacha nyuma nikaingia njia ya ndani, na kila hatua nilinyanyua dongo zima. Nilibeba sukuma, viatu vya watu na chupa ya maji, wakati maji yamejaa kila mahali. Nyumba mpya zimeota pande zote, nyingine hazina hata madirisha, na karibu kila ua una migomba nyuma. Nikawa naitazama migomba na kuogopa. Nyumba ya mabati ya buluu niliitambua kabla ya kuuliza, kwa sababu uani kwake palipandwa kila kitu, mpapai, mahindi, kunde, lakini mgomba hata mmoja haukuwepo.

Nilibisha hodi. Mwanamke wa makamo kidogo, mwenye paji la baba yangu, alifungua huku akifuta mikono.

"Mama, umetokea wapi?" alisema. Kisha akageuza kichwa polepole kutazama jikoni, alikokuwa amemwacha mama yake.

"Rispa, ni nani?" sauti ikauliza kutoka ndani.

Ilikuwa sauti ya mama yangu. Nawaapia, ile ya Chwele, yenye kukwaruza. Rispa alibaki katikati, akimtazama huyu na kungoja yule. Nasambu akatoka. Ni mimi, mwenye mvi zaidi. Hatukukumbatiana. Tulisimama, na mimi nikakumbuka amri niliyopewa, nikafunga mdomo nikamnyooshea chupa.

Aliishika. Aliitazama kwenye mwanga, akafungua, akanusa, akaifunga tena.

"Ya kisimani," alisema. "Nani amekutuma nayo?"

"Mama."

Alikaa chini pale pale kizingitini, kwenye matope niliyoyaleta. Rispa alitaka kumwinua, akamkataza.

Alisimulia bila kulia, kama mtu anayeeleza njia. Aliamka akiwa ameloa, baridi, amefunikwa uso. Alielewa alichofanyiwa. Aliogopa kwamba wakirudi na kumkuta amekaa, hawatamwona kuwa Nasambu tena. Alijifunga ile leso, akatoka, akatembea mpaka miguu ikamfikisha Umoja, kwa mama mmoja wa kanisa ambaye hakumuuliza kitu. Huko akamzaa Rispa. Mtoto alipopata nguvu akasema hapana, mtu ana kwao. Akambeba mgongoni akaenda nyumbani.

Ile nundu. Miaka yote nimesimulia nundu ya kizuka, nikiwachekesha na kuwatisha watu, na nundu yenyewe ilikuwa imesimama mbele yangu na aproni, ikitutazama kwa macho ya baba.

"Nilifika langoni jua linashuka," alisema. "Niliona migomba michanga imetoka kwenye kaburi, na kipande cha gauni langu la Krismasi kimening'inia kwenye chipukizi. Baba akatokea. Nilikuwa nimetembea kutoka stendi, mtoto ameshikwa na homa, sikuwa na nguvu ya kusalimia. Nilisema naomba maji. Hilo tu. Akanimwagia majivu, mimi na mtoto, akanitaja jina akaniambia nirudi nilikozikwa."

Nilimweleza habari ya mjukuu wangu, jinsi alivyonyamaza, na kwamba tulihitaji kujua kama yeye mwenyewe yu hai. Nilimwambia sasa tutalazimika kumtafutia jina jingine.

"Mpeni," alisema. "Msichana mliyemzika alikufa kweli, Nelima. Mimi huku naitwa Mama Rispa, hakuna anayenijua kwa lile jina, hata huyu nilimficha. Kama Nasambu anataka kurudi nyumbani kwa mtoto, arudi. Ila mimi siendi kuzikwa mara ya pili."

Maji hakuyanywa. Alirudisha chupa mkononi mwangu akasema aliyaomba kule, si hapa. Tulikula kunde kwa ugali karibu kimya, isipokuwa mara moja aliponitazama nikiongeza akasema nimenenepa. Nililala nikijua nimeshindwa, na kwamba nitarudi kwa mama na chupa ile ile. Nilijifunika shuka ya dada yangu nikalia, nikimchukia baba kwa mara ya kwanza, na yeye hayupo hata wa kugombana naye.

Asubuhi nilikuta viatu havipo mlangoni. Nasambu alikuwa amevivaa, vimefungwa kamba, amekaa kwenye begi.

"Fundi kaweka soli nzuri," alisema. "Twende kabla sijabadilisha mawazo."

Kurudi Chwele

Safari ya kurudi sina mengi. Rispa alikaa dirishani akauliza jina la kila mlima, na dada yangu alikuwa akishika chuma cha kiti kila gari liliposimama, kama anayetaka kuteremka. Eldoret tulikula mahindi ya kuchoma.

Wajomba nilikuwa nimewapigia simu, na wazee walishakata shauri. Mtu aliyeliliwa na kuzikwa haingii kwa lango kama mgeni wa chai. Watavunja ua wa nyuma, apitie hapo kinyumenyume, halafu achinjwe mbuzi. Tulipofika walikuwa wamejipanga, shoka tayari. Nasambu aliwasalimu mmoja mmoja kwa heshima zote.

"Nilifukuziwa langoni," alisema. "Nitasimama langoni."

Hakuna aliyempinga. Nadhani walimwogopa. Hata mimi, niliyelala naye nyumba moja, nilimwogopa kidogo aliposimama pale jua likishuka, na nyuma ya nyumba ile migomba yake ikichakarisha majani ingawa upepo haukuwepo wa maana. Alitazama mlango wa jiko, akasema kwa sauti ya kawaida, "Naomba maji."

Sela alikimbilia mtungi. Mama akamzuia. Mama yangu, ambaye siku hizi hufika chooni kwa kushikiliwa, alichota mwenyewe, akatoka na kikombe bila fimbo. Alivuka ua mzima. Maji yalikuwa yanamwagikia mkono, tukawa tunatazama yatabaki kiasi gani, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alifika. Nasambu alipokea kwa mikono miwili akanywa yote, yakabaki matone, akampa Rispa hayo matone.

"Nilikusikia," mama alisema. "Siku ile. Kizuka hakiombi maji. Nilijua ni wewe."

Sote tulisikia. Wazee walitazama chini. Ile chupa niliyoibeba nchi nzima nikidhani ni dawa, ndipo nilipoielewa.

"Najua, mama," Nasambu alisema. "Nilisikia kata ikigonga mtungi jikoni. Nilingoja kidogo pale barabarani."

Mama alimshika shingo akalia, na Nasambu naye akalia, mara ya kwanza tangu nimwone. Walikaa chini hapo hapo langoni, nusu ndani nusu nje, na mbuzi akasahauliwa mpaka kesho yake.

Mtoto anaitwa Nasambu na analala vizuri. Dada amerudi Njiru kwa mazao yake, lakini siku haipiti bila simu yake. Nimemwahidi kumshonea gauni la Krismasi.

Na ndizi. Asubuhi alipoamka alizunguka nyuma ya nyumba, akalitazama kaburi lake kwa muda, akaomba panga. Aliuliza mikungu hiyo ni ya nani. Nikasema ni yako. Basi akakata mkubwa kuliko yote, akamenya, akapika sufuria nzima kwa vitunguu na nyanya, akala wa kwanza mbele ya wazee. Kisha akanikatia mkungu mwingine nije nao kwa marafiki zangu.

Ndio huo mlioula, mkaniomba na mbegu. Msinikasirikie. Chipukizi liko hapa uani kwangu kwenye ndoo. Anayelitaka aje na kikapu.